Miaka minne ya movie Laare, na sikuwahi kuona mwisho hata mmoja

Wakuu, nawasalimu nyote, mlio kazini mkijifanya mko busy na mlio nyumbani mmejifunika blanketi. Leo sina siasa. Nataka tuongee mambo ya movie.

Hii imenitokea mimi mwenyewe, si binamu yangu, si rafiki wa rafiki. Ukitaka usiamini, shauri yako.

Mimi si mtaalamu. Mambo ya director na sijui camera ilisimama wapi siyajui. Mimi ni mtu wa kukaa, kuangalia, halafu nikisimama naambia watu hii ni nzuri ama hii ni upuzi. Basi.

Na kwa maoni yangu, movie za karate za zamani hazijapata mpinzani. Mwalimu anauawa mapema, mwanafunzi anapanda mlima kufanya mazoezi, anarudi na hasira. Unajua uko wapi. Za Kihindi ni ndefu mpaka mgongo unauma, lakini zina heshima, mama hasahauliwi. Za Nigeria, part one inakunyima usingizi, ukifika part four unaona hata aliyeiandika amechoka.

Hizi za siku hizi za watu wanaopaa wakibomoa miji mnaweza kubaki nazo. Giza tupu. Niliangalia moja mara mbili na mpaka leo sijui ni nani alimpiga nani.

Sasa tuje kwa stori.

Nafanya kazi kwa kiwanda cha kahawa huku Karurumo, Embu, napima mzigo wa wakulima kwa mizani. Msimu ukipoa hakuna cha kupima, kwa hivyo tunakaa. Mwenzangu wa kazi anaitwa Njeru, Mwembu wa hapa hapa, na ana laptop imejaa movie mpya na za kale.

Siku moja tukaanza kubishana juu ya movie moja ya zamani, ya fundi wa saa anayemtafuta ndugu yake vitani. Nikasema kwa kifua kwamba mwisho wake ni mtamu sana. Anampata ndugu yake hospitali, wanarudi nyumbani, wanapanda mahindi, wanakula.

Njeru alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Akasema ndugu alikufa zamani, fundi anachopata mwishoni ni kaburi. Nikaapa. Akafungua laptop, akasongesha mpaka mwisho. Wakuu, ilikuwa kaburi. Hakuna mahindi.

Nikajitetea kwa nyingine, ile ya karate ambapo mwanafunzi anamsamehe adui na wanajenga shule pamoja. Njeru akaiweka. Anamuua adui mchana peupe. Ile ya Kihindi ya mama kipofu, mimi najua anapona macho na kuwapikia watoto wake wote. Tukaangalia. Anafariki kabla mtoto wa mwisho hajafika.

Mwezi huo niliangalia movie kama kumi. Kila mwisho niliokuwa naujua ulikuwa si wenyewe, na makosa yalielekea upande mmoja. Kwa movie zangu hakuna mtu anakufa. Watu wanarudi nyumbani, na lazima wale.

Njeru alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa najua aliyeniambia hiyo miisho yote.

Anaitwa Kawira.

Kabla sijakuja huku Embu nilikuwa kijana wa kupack miraa Laare, kule Meru. Kwa wasiojua hiyo kazi, miraa ni mmea wa kutafuna, na ni kitu cha haraka. Inachumwa alfajiri, inaletwa sokoni, tunaifunga kwa bunda, tunazungushia majani ya ndizi isikauke, halafu inakimbizwa Nairobi. Ikilala haina maana tena.

Katikati kuna nafasi ndogo. Ukimaliza kufunga mzigo wa kwanza, unangoja wakulima wa mwisho walete wao, na buyer bado anavutana na watu juu ya bei. Hapo ni saa sita. Pikapu ikiwa tayari dereva anapiga honi, unakimbia kupakia. Ukichelewa, nafasi yako inachukuliwa na mwingine, na kesho usijisumbue kuja.

Kando ya soko kulikuwa na video hall ya mabati, benchi za mbao na generator nyuma. Mwenyewe alikuwa mjomba wake Kawira. Kawira ndiye alikuwa anakaa mlangoni kwa pazia kupokea watu, na ndiye alikuwa anachagua movie. Movie inaanza saa sita. Honi inalia saa saba na nusu. Fanyeni hesabu wenyewe.

Kila siku, shujaa akiinua tu mkono amalize mambo, piiiiii. Hall nzima inasimama. Mnaweza kuwa mnalia, mnaweza kuwa mnashangilia, lakini mnasimama na kutoka.

Kesho yake nikifika mlangoni namuuliza Kawira iliishaje. Ananiambia. Anaegemea ule mlango, anaongea polepole, Kimeru kidogo, Kiswahili kidogo, na anasema mpaka rangi ya sahani walizolia chakula. Nikaanza kufika mapema kuliko wengine ili nipate mwisho wangu kwa utulivu. Baadaye hata movie yenyewe nilikuwa naiangalia tu ili kesho nipate cha kumuuliza.

Sikuwahi kumwambia chochote kingine. Msinitukane. Miaka minne nilikuwa namuuliza "iliishaje" na nilidhani siku moja itatosha.

Sasa kuna hii movie moja. Ya zamani kabisa, haina rangi. Kuna mtu amekuja kijiji fulani kujenga daraja, na kuna dada ana duka la maua karibu na mto. Wanapendana kimya kimya. Daraja linaisha. Kazi yake imeisha, lazima aende, na njia ya kuondoka ni hilo daraja lenyewe. Amebeba mfuko wake, amekanyaga ubao wa kwanza, dada amesimama nyuma yake.

Piiiiii.

Kesho yake nikauliza kama kawaida. Kawira akatikisa kichwa.

"Hiyo sikuambii," akasema. "Leo naiweka tena. Ukae mpaka mwisho."

Shida ni kwamba asubuhi hiyo hiyo buyer alikuwa ameniambia kuna kazi Nairobi. Nipande na mzigo siku hiyo, nibaki kule nikipokea miraa. Nilikuwa nimeomba hiyo kazi mwaka mzima.

Nikaingia, nikakaa. Nikaangalia daraja likijengwa mara ya pili. Honi ikalia na watu wakasimama. Nikasimama nao. Siku zingine Kawira alikuwa anatuinulia pazia tupite haraka. Siku hiyo alisimama tu hapo, mikono chini, nikaliinua mwenyewe.

Nikamwambia nitarudi wiki ijayo aniambie ilivyoisha. Akasema, "Haya."

Wiki ijayo sikurudi, na iliyofuata sikurudi. Kazi ya miraa Nairobi haina likizo, na kijana akionja mji anajidanganya kwamba nyumbani kutamngoja. Kazi ikaja ikaharibika, nikahangaika huku na kule, mwisho nikapata hii ya kahawa. Miaka kumi na moja ikapita hivyo. Sijaoa, na tafadhali uzi usigeuke kuwa wa hiyo.

Basi baada ya Njeru kunivunja na makaburi yake, nikamuuliza kama ana ile ya daraja. Alikuwa nayo. Nikaiangalia peke yangu ndani ya stoo, milango imefungwa, mpaka maandishi ya mwisho. Sikulala vizuri wiki hiyo.

Nilijiuliza kwa nini msichana akae mlangoni miaka minne akinidanganya miisho. Alikuwa ananichezea, ama kuna kitu alikuwa ananiambia nami nikashindwa kukisikia? Na nisiwafiche wakuu, nilikuwa nataka kujua kama kuna kitu kimebaki.

Jumamosi nikatoka Karurumo asubuhi na mapema, nikapanda mpaka Meru, Maua, Laare.

Soko ni lile lile, majani ya ndizi yametapakaa chini, madereva wana haraka ile ile. Video hall sasa ni duka la mitumba. Nikamuuliza jamaa wa boda kuhusu Kawira, akasema hamjui. Nikamweleza, mpwa wa mzee wa video. Akacheka, akasema kwa nini sikusema Mama Makena, wa agrovet pale mbele, lile duka la dawa za mifugo.

Hapo tu nilikuwa nimejibiwa nusu ya maswali yangu. Lakini miguu ilikuwa imeshafika mbali kuliko akili.

Alinitambua kabla sijafungua mdomo. "Muuga, Gitonga," akanisalimia kwa Kimeru, kana kwamba nilitoka jana. Akanipa kiti, akaagiza chai. Amenenepa kidogo, imempendeza. Akaniambia ana mume, mwalimu, na watoto wawili, na mjomba alishafariki, Mungu amlaze pema. Nikasema yangu. Yalikuwa mafupi.

Halafu nikamwambia juu ya Njeru na laptop. Nikamwambia sasa najua kaburi la yule ndugu na mambo yote. Nikamuuliza kwa nini alinidanganya.

Alicheka sana, mpaka akashika meza.

Akasema hakuwahi kunidanganya, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuona mwisho wa movie yoyote. Mjomba alikuwa mtu wa kubana petroli. Honi ikilia tu na sisi tukisimama, anaenda nyuma kuzima generator, hata mtu wa mwisho hajatoka. Hall haina watu, aiwashie nani?

"Nilikuwa nabaki hapo gizani nikifagia," akasema, "nikifikiria vile nitakuambia kesho."

Nikamuuliza kwa nini basi zote lazima waende nyumbani kula.

"Si nilikuwa nafagia nikiwa na njaa."

Tukacheka wote wawili. Wakuu, kwa hiyo dakika moja nilikuwa na miaka ishirini na nne tena, na pazia bado liko chini.

Halafu nikauliza ile ya daraja.

Aliacha kucheka. Akaanza kupanga chupa za dawa ya kupe ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

Akasema hiyo ndiyo moja aliyoiona mpaka mwisho maisha yake yote. Siku ile aliyoniambia nikae, alinunua petroli kwa pesa yake, akamwomba mjomba asizime. Alitaka tuuone mwisho mmoja tu tukiwa pamoja. Akasema nilipotoka generator ilikuwa bado inanguruma, ningejua kama ningesikiliza. Alikaa kwa benchi yangu, akaimaliza.

"Ulishaiangalia?" akaniuliza.

Nikasema bado.

Najua, nilidanganya. Nilitaka nimsikie akinisimulia mara moja tena. Na ndani yangu kabisa nilitaka aibadilishe kama zile zingine. Nilitaka yule mtu ageuke, arudi, wale.

Kawira aliegemea kaunta vile alikuwa anaegemea mlango. Akasema polepole kwamba yule mtu alivuka daraja. Akafika katikati, akabadilisha mfuko mkono mwingine, dada akadhani anageuka. Hakugeuka. Akaenda mpaka akawa mdogo. Dada akarudi dukani, akamwaga maji ya jana ya maua, akaweka mapya, akafungua mlango wa wateja.

Ilikuwa hivyo kabisa. Hakuongeza kitu.

Nikangoja. Nikamuuliza, "Halafu?"

"Hakuna halafu, Gitonga. Ndio mwisho."

Mzee mmoja akaingia akitaka chakula cha vifaranga, akamwita Mama Makena. Akaenda kumpimia. Aliporudi nilikuwa nimesimama. Tukaagana kwa mkono kama watu wa kanisa moja, akaniambia nisalimie Embu. Nilipofika barabarani honi ya pikapu ikalia pale sokoni na mguu wangu ukashtuka wenyewe, miaka yote hiyo.

Nimejifunza nini? Sio kwamba ningeacha kazi. Njaa ni njaa, na honi ni honi. Lakini pikapu za Nairobi zilikuwa zinaondoka Laare kila siku ya Mungu, hata Krismasi. Ile movie iliwekwa mara mbili tu. Mtu akikuambia kaa mpaka mwisho, angalau muulize kwa nini.

Sasa mnaruhusiwa kunipiga mawe. Mniambie pia movie gani iko kwa roho zenu, na mliangalia na nani, maana naamini hakuna mtu hukumbuka movie peke yake.

Na wewe unayetaka kunieleza maana ya ile ya fundi wa saa, sijui kaburi linaashiria nini, jihifadhie. Njeru amejaribu. Mimi nimeamua nabaki na ya mahindi.