Nusu ya Vifaranga vya Gardiene

Mwaka wa elfu mbili na mbili, nikiwa na miaka makumi ine, volkano ilishuka ikameza nyumba yangu ya Birere, hapa Goma, na duka langu la chumvi na sabuni. Masomo niliachia primeri ya tatu, kwa hiyo sikuwa na ofisi ya kwenda kulilia. Mama mumoja wa Rutshuru, ambaye hata si wa ukoo wangu, alinipa kuku wa kike kwa nusu. Ndiyo hivyo nilianza upya.

Kwa wale waliokulia kwenye kanape, viti laini vya sebuleni, nitaeleza. Kuku ni wa mwenyewe. Wewe unamulisha, unamulalisha juu ya mayai, unafukuza paka na mwewe. Vifaranga vikianza kumuacha mama yao, mwenyewe anakuja na kitunga cha kuvibebea, munagawa katikati. Kuku anabaki wake. Nilitunza kuku wa watu mpaka nikapata wangu, na leo watu wananitunzia mimi, Ndosho, Kituku, kila mahali. Hakuna karatasi hata moja. Ninakula kwa sababu kila mutu anajua ya kwamba siku ya kugawa muzee huyu hasamehe hata unyoya. Nikisamehe nyumba moja, kesho zote zitaniambia kuku amekufa.

Sasa, miaka michache iliyopita, shule moja ya gardiene, ya watoto wasiofikia primeri, nyuma ya ukuta wangu, ile ambayo watoto wanashushwa na gari, iliamua kuonyesha watoto namna yai linavyotoa kifaranga. Mutu mwenye akili angewaleta katika kiwanja changu, wakae juu ya mawe, waangalie. Hapana. Walitafuta katoni, wakaweka balbu na termometre, wakabandika picha ya kuku ukutani, labda ili mayai yajue yanakoenda. Umeme wa Goma ukafanya kazi yake, yaani ukaenda. Mayai yakanuka mpaka kelasi nzima ikahamia inje.

Ndipo madamu direktrisi, mukubwa wa shule, akakumbuka kwamba ana jirani.

— Muzee, tunaomba kuku anayelala juu ya mayai. Ni kwa ajili ya watoto.

— Ninatoa kwa nusu.

— Ndiyo, ndiyo, muzee, hakuna shida.

Alikuwa anaangalia telefone yake. Watu wa masomo wanaamini ya kwamba neno lisilopigwa muhuri haliwezi kuwauma.

Nilimupelekea kuku wangu mweusi na mayai yake. Katika kiota niliweka kipande cha makaa yaliyozimika, juu ya radi, isiue vifaranga ndani ya mayai, kama tunavyofanya sisi wote. Madamu alikitoa kwa vidole viwili, akasema ni uchafu. Radi haikupiga, naye akatembea wiki nzima kifua mbele kama mutu aliyeishinda yeye mwenyewe. Watoto waliandika majina yao juu ya mayai kwa rangi, kila mumoja yai lake. Kuku aliwaacha wamuchungulie wanavyotaka. Lakini madamu alidonwa kila alipomukaribia. Huyo kuku sikumufundisha mimi.

Ninakubali kwamba siku yai la kwanza lilipotoboka, watoto walinyamaza, jambo ambalo madamu hakuwahi kulipata kwa filimbi yake. Lakini si yote yalifunguka. Kuna mutoto mumoja wa kike, mapengo mbele, yai lake lilibaki vile vile. Alilitikisa karibu na sikio.

— Hakuna mutu ndani, akasema.

Kisha akalia mpaka alipochoka.

Vifaranga vilipoanza kumuacha mama yao, madamu akaita wazazi kwa sherehe. Viti vya plastiki, Fanta, baluni. Nikaingia na kitunga changu. Yeye alikuwa anatangaza ya kwamba kila mutoto ambaye yai lake lilipasuka atarudi nyumbani na kifaranga chake.

— Baada ya nusu yangu, nikasema.

— Muzee, si ulikuwa unachekesha?

— Mimi nichekeshe na kuku?

Baba mumoja mwenye kravate shingoni akasimama.

— Papa, heshimu mvi zako. Utanyanganya watoto wadogo?

— Gari lako ni lako, papa?

— Ndiyo.

— Mupe dereva wako alibakishe, juu analiosha vizuri.

Wazazi wakacheka, yeye akakaa. Lakini mimi sikuwa nawaangalia wao. Mulangoni alisimama mama anayeuza mikate kwa watoto, na mama huyo ananitunzia kuku wawili kule Ndosho. Aliacha kuhudumia watu. Alikuwa anangoja aone muzee atalegea au hapana, na yale atakayoona, jioni Ndosho yote ingeyajua. Nikapiga magoti mbele ya vifaranga, kimoja kwangu, kimoja kwao, kimoja kwangu. Watoto wakaanza kulia kwa pamoja. Madamu akasema, kwa sauti ya kusikiwa, kwamba hii ndiyo sababu nchi yetu haiendeleyi. Kwanza ningependa kujua yeye ameisukuma kutoka wapi mpaka wapi.

Yule wa mapengo peke yake hakulia. Alikuja akaangalia ndani ya kitunga.

— Shokulu, babu yangu, nipe kimoja.

— Si chako. Yai lako lilioza.

— Ninajua. Kibaki chako. Mimi nitakitunza. Kikizaa, tunagawana.

Nilimuuliza kama nilivyozoea kuuliza watu wazima.

— Kitakula nini?

— Wali wangu.

— Kitalala wapi?

— Chini ya kitanda changu.

— Ah, hapana! mama yake akapiga kelele kule nyuma.

— Na kikiwa jogoo?

— Tutakula Noeli. Wewe utakula paja.

Nikamupa mukono, akanipa wake. Kisha nikamuita mama yake aje anipe mukono pia, mbele ya macho ya mama wa mikate. Wale wengine waliolia wakaona njia imefunguka, wakapanga mustari, kila mumoja na muzazi wake nyuma. Mwenye kravate pia. Kitunga kilirudi nyumbani na kuku mweusi peke yake, na hakuna hata kifaranga kimoja nilichokitoa bure. Mama wa mikate akarudia mikate yake.

Vingine vilikufa, panya na baridi. Mwenye kravate alikula chake siku ya komunyo, akaniambia alisahau. Nilikaa kwenye kanape yake na viatu vyangu vya matope mpaka akatuma mutu sokoni Birere kuninunulia kuku mwingine. Huyo alisoma Ulaya.

Leo nina nyumba ya mbao yenye vyumba vitatu, iliyojengwa juu ya mawe ya volkano. Nina kiwanja chenye ukuta. Nina tanki la maji, baiskeli, redio, vitunga sita. Kuku kumi na saba wako kwangu. Wengine wako kwa watu, na saba kati yao wako katika manyumba ya wenye gari. Wawili wanalala chini ya kitanda cha mutoto ambaye meno yake yameota.