Kamongo Ndani ya Robota

Niliulizwa mara moja tu, na nikajibu kabla sijamaliza kumeza mate. Mwalimu mkuu alikuwa ameketi nyuma ya meza yake, mkononi kashika kitabu chembamba cha katuni kilichoshonwa kwa uzi wa gunia. Akasema, "Mkaguzi anakuja Jumatatu. Sitaki azikute takataka hizi kwenye madawati. Nasikia wewe unajua kila kimoja kiko kwa nani. Unaweza kunikusanyia vyote? Kama huwezi sema tu, nitampa mwingine."

"Naweza, mwalimu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema siwezi. Mwenyewe alinionyesha mlango wa kutokea, nami nikabaki ndani. Nimepita miaka sabini sasa, na jibu lile bado nalirudia kichwani kama mtu anayepapasa jino bovu kwa ulimi.

Kilichonirudisha huko ni mgeni aliyepanda hapa kwangu wiki iliyopita. Naishi juu ya mawe, kama walivyo wengi hapa Mwanza. Kufika kwangu ni ngazi sitini na mbili, nyingine za saruji, nyingine ni jiwe lenyewe, na magoti yangu yameikataa kazi hiyo tangu masika. Nikiketi barazani naliona ziwa, naona mabati ya sokoni, nasikia honi ya kivuko, na huko kote sifiki. Sukari naletewa, magazeti naletewa, hata habari za misiba naletewa. Basi mama mmoja mtu mzima akapanda taratibu, akipumzika kila baada ya ngazi kumi. Alipofika juu akaegemea ukuta na kusema, "Hodi. Shikamoo kaka."

"Marahaba. Karibu, pumua kwanza."

"Mawe yenu haya! Nimetoka Sengerema na kivuko cha asubuhi, nikadhani safari imeisha, kumbe ndiyo inaanza." Akacheka, akakaa. "Hunikumbuki. Mimi ni binti wa mpiga chapa, kule Nyakato. Nimefuata Kamongo."

Nikainuka kumtilia chai. Ngoja nikueleze Kamongo alikuwa nani, ndipo utajua kwa nini nilikimbilia birika.

Tulikaa Nyakato kwenye nyumba za wafanyakazi, vyumba vilivyopangwa mstari mmoja na paa moja refu la bati. Baba alifanya kazi ya zamu kiwandani, mama alikuwa Magu kwenye pamba zaidi ya nusu ya mwaka, na aliyenilea hasa ni bibi. Ukitaka kuijua harufu ya utoto wangu, chemsha michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, kisha changanya na karanga zilizotwangwa. Hicho kilikuwa chakula chetu, na bibi alikiuza pia barazani, kwa bakuli. Majirani walimwita bibi wa michembe, nami nikaitwa mtoto wa bibi wa michembe. Sikuona haya. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kuchambua karanga na kufukuza mbuzi.

Chumba cha tatu kutoka kwetu alikaa mpiga chapa. Kazi yake ilikuwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Robota, furushi la pamba, likishatoka kwenye mashine ya kushindilia, limekazwa kwa mikanda ya chuma, yeye huweka juu yake bati lililokatwa herufi na kupaka wino mweusi. Siku nzima, robota baada ya robota, herufi zilezile. Nadhani ndiyo maana alichora. Jioni alikaa mlangoni na ubao magotini, akakwaruza karatasi ya stensili kwa msumari ulionolewa. Jumamosi mchana karani wa kanisa alimwachia mashine ya kurudufu. Zilitoka nakala arobaini, zaidi ya hapo stensili ilichanika. Alizishona kwa uzi wa magunia, na jalada akalipiga chapa kwa herufi kubwa kama za robota: KAMONGO. Duka la vitabu mjini lilimkatalia, likasema halijui liziweke rafu gani. Basi mkewe akaziuza pale mlangoni pamoja na vitumbua.

Unamjua kamongo, samaki yule mrefu wa matopeni, ambaye maji yakikauka hujifukia na kusubiri mvua. Wa jirani yetu alivaa koti la karani na kofia, na kila alikokwenda alinaswa. Toleo la kwanza alinaswa kwenye mgono wa wavuvi. La pili, kwenye mtungi wa pombe harusini. La tano alikwama kati ya mawe mawili pale ziwani, watu wakapiga picha za ukumbusho huku wamemwegemea. Kila toleo liliisha hajatoka, na kila jipya lilianza kwa kumtoa, kwa hila ambayo sisi watoto tulikuwa tumeibishania mwezi mzima bila kuipata. Na pembeni mwa kila picha, padogo sana, alijificha furu mmoja, samaki mdogo wa ziwani. Mambo yakiharibika, furu yule husema, "Mimi sikuona kitu." Tulimtafuta kwa vidole kabla hata ya kusoma.

Mimi sikuvisoma tu, nilivikusanya. Nilikuwa navyo vyote, nimevilaza kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi, na majani ya mwarobaini kati yake ili mende wasiviguse. Nilijua toleo lipi wino ulikolea, na lipi lilitoka na ukurasa uliopinduka. Kwa kuwa nakala zilikuwa chache na watoto wengi, vitabu vilizunguka kwa kubadilishana mapera na gololi, nami nikafungua daftari. Nilipiga mistari kwa rula: toleo, mwenye nalo, aliyeazima, hali yake. Mpiga chapa aliliona siku moja, akaligeuza ukurasa kwa ukurasa kwa vidole vyake vyeusi, akasema, "Kumbe kuna mtu anaandika." Tangu siku hiyo kila toleo jipya aliniletea mimi kwanza, hata kabla wino haujakauka.

Bibi hakujua kusoma. Nilimsomea huku anachambua karanga, naye aliuliza mambo ambayo hayakuwa kitabuni. "Huyo kamongo wenu ana mke?" "Sijui, bibi." "Ndiyo maana anazurura." Toleo la kumi na moja, Kamongo alijificha kiwandani ndani ya rundo la pamba, mashine ikamshindilia, akatoka yumo ndani ya robota, limefungwa mikanda, limepigwa chapa, limepakiwa kwenye behewa. Picha ya mwisho ni robota tu, na jicho moja kwenye tundu. Bibi akaacha karanga. "Wasimpeleke Ulaya," alisema. "Atatoka?" Nikamwambia mwezi ujao.

Ni toleo hilo mwalimu mkuu alilokuwa amelishika. Sitaki kumsingizia. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini picha zinatulemaza akili, na aliogopa mkaguzi kama sisi tulivyomwogopa yeye. Nami nilikuwa kiranja wa darasa, nikitamani kuwa kiranja mkuu, na yeye alijua. Nilipolitoa daftari alilipekua na kutikisa kichwa kwa kuridhika. "Huu ndio utaratibu ninaoutaka," akasema. Alikuwa mtu wa pili kulisifu daftari langu.

Ilinichukua siku mbili. Mtoto mmoja alisema lake limepotea. Nikafungua daftari mbele ya wenzake: "Toleo la sita ulilichukua Alhamisi kwa mapera manne. Liko kwenye begi."

Alilitoa, akalitupa miguuni pangu. "Chukua, polisi wa Kamongo. Ukimaliza kakamate na mbuzi."

Wakacheka wote. Hakuna aliyeweza kunidanganya, maana yote yalikuwa yameandikwa kwa mkono wangu. Wala mwalimu hakusahau sanduku la bati. "Kiranja huanza na vyake," alisema, nami nikabeba kumi na kimoja vyangu kutoka chini ya kitanda cha bibi, na majani ya mwarobaini yakiwa bado ndani.

Nilidhani vingefungiwa kabatini, mkaguzi aondoke, turudishiwe. Sikuuliza. Mkaguzi alikuja, akakaa muda wa kipindi kimoja, akanywa chai, akaondoka bila kufungua dawati hata moja. Wiki iliyofuata nilinunua karanga kwa muuza karanga wa nje ya geti. Nikaikunjua karatasi, nikamkuta Kamongo ananitazama, usoni amejaa chumvi. Mwalimu alikuwa amempa yule mama mzigo mzima afungie karanga zake. Kila mtu hapa alifanya hivyo na karatasi iliyosomwa, hata mitihani ya zamani iliishia huko. Yeye aliona ametenda wema.

Siku hizohizo nilikuwa barazani kwetu mpiga chapa aliporudi kutoka kazini. Alipita na kifuko cha karanga, akafika mbele yetu, akakifungua. Alisimama. Akamimina karanga zote kwenye kiganja kimoja, akainyoosha karatasi juu ya paja kwa kiganja kingine, polepole, kama unavyonyoosha shati la kwendea kanisani. Kisha akazila zile karanga moja moja hadi zikaisha.

"Angalau karanga zimepata cha kusoma," akasema.

Bibi hakuelewa, akacheka. Mimi nilitazama miguu yangu.

"Kijana wangu, lete daftari lako," akaniambia. "Tutafute ni kipi kimebaki, na kiko kwa nani."

Daftari nilikuwa nimelikabidhi pamoja na vitabu, liko kwenye droo ya mwalimu mkuu. "Limepotea, baba," nikasema. "Sijui lilipo."

Alinitazama kidogo. "Basi vile vyako vya sandukuni tutavitunza. Hivyo vyako vinatosha."

Ningeweza kusema hapo pia. Nilisema ndiyo, baba. Nikawa nimeongeza uongo wa pili juu ya wa kwanza, na toka hapo sikuweza kupita mbele ya mlango wake. Nilizunguka nyuma, kwenye mawe na majalala, kwenda na kurudi shule, mwaka mzima, hadi familia yake ikahamia Sengerema. Kitambaa chekundu cha kiranja mkuu nilikifunga mkononi kwa mihula miwili. Bibi aliendelea kuniuliza. Nikirudi shuleni, nikirudi likizo kutoka sekondari, hata alipokuwa amelala tu hawezi kukaa, aliniuliza, "Kamongo katoka?" Nilimjibu, "Bado, bibi." Alikufa nimemwambia bado.

Haya yote yalinipita kichwani binti wa mpiga chapa akisubiri jibu na kikombe cha chai mkononi.

"Baba alituambia siku zote," akasema. "Mkitaka Kamongo, nendeni kwa yule mtoto wa bibi wa michembe. Anavyo vyote, tena kaviandika. Sisi hatukubaki hata na ukurasa. Wajukuu zangu wananiambia bibi, unatutungia. Nikasema kabla sijafa, nikavione tu. Sivichukui, kaka. Nivione."

Nilimwambia. Nilianzia mezani kwa mwalimu mkuu nikamaliza na njia ya nyuma ya mawe, sikuruka kitu. Nilipomaliza aliweka kikombe chini.

"Kumbe ulikuwa unazunguka," akasema. "Mimi, kwa utoto, nilidhani umehama."

"Nilikuwepo."

"Baba alichora la kumi na mbili." Alilitazama ziwa, si mimi. "Moja tu, kwa kalamu, hakulipeleka kwenye mashine. Alisema la kwanza ni la mwenye daftari, akija atachukua, ndipo nitajua kama niendelee. Alilichomeka juu ya kizingiti. Tulihama nalo. Lilikaa hadi mchwa wakalimaliza."

Sauti yangu ilikuwa ya mtoto nilipouliza. "Alitokaje ndani ya robota?"

"Nilikuwa mdogo, kaka, hata kusoma sijaanza. Nakumbuka kulikuwa na mvua." Alifikiri. "Mvua tu. Na yule samaki mdogo wa pembeni alikuwa anasema kitu, lakini sikujua herufi."

Akaniomba basi nimsimulie yale ninayoyakumbuka, awapelekee wajukuu. Nikasimulia: mgono, mtungi, mawe ya ziwani. La saba nililichanganya na la nane. La tisa halikuja kabisa. Aliinuka kuwahi kivuko, akaaga vizuri, akashuka ngazi sitini na mbili akishika mawe, nami nikabaki hapa juu nikimtazama akizidi kuwa mdogo.

Kile kiwanda sasa ni ghala la mtu, na nyumba zetu za mstari mmoja zimevunjwa. Hata furu, waliokuwa wakianikwa juu ya mawe, wengi kama mchanga, ni nadra kuwaona. Hayo yangepotea hata bila mimi. Lakini Kamongo hakupotea, nilimkusanya mwenyewe, kitabu kimoja kimoja, kwa orodha niliyoitengeneza kwa kumpenda. Nilipata kitambaa cha mihula miwili. Kikanigharimu vitabu ambavyo havipo tena popote, na mchoraji aliyeweka kalamu chini akinisubiri nipite mlangoni. Alikufa akiwaambia wanawe kwamba ninavyo.