Mwalimu Marcelino na Picha ya Jengo la Chicago

Mwalimu Marcelino alipoanza kujigonga kwenye meza za watu, alisema ni uzee. Alipommwagia jirani chai kwenye sherehe ya ubatizo, alisema mkono umekufa ganzi. Lakini nyumbani kwake Ipogolo, bondeni chini ya mji wa Iringa, mkewe Juliana alikwisha kujua. Alimwona akigeuza kichwa upande huu na upande ule kama kuku, ili tu akione kikombe kilicho mbele yake.

"Ni macho, baba Anania," alimwambia.

"Macho yangu hayana kitu. Taa hii ina masizi."

Ilikuwa mwaka sabini na saba. Marcelino alikwisha kustaafu ualimu, na kazi aliyobaki nayo ilikuwa moja tu. Kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Iringa kilikuwa kinatayarisha ensaiklopidia ya Kiswahili kwa ajili ya shule na madarasa ya watu wazima, na kila makala ilipita kwake kabla ya kuchapwa. Yeye ndiye aliyeangalia kama lugha imenyooka, kama mkulima wa kawaida ataelewa, kama picha imekaa panapotakiwa. Akiridhika huandika chini "Imepitiwa" na kutia sahihi, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena. Aliipenda kazi hiyo kuliko yote aliyowahi kufanya. Vijana walimpisha njiani wakinong'ona, "Huyo ndiye mzee wa kitabu."

Sasa herufi zilikuwa zinamkimbia. Ukungu uliingia kutoka pembeni, ukaula ukurasa kidogo kidogo, hata akabaki na kitundu katikati, kama mtu anayechungulia nyumba ya watu. Mwishowe hata kitundu kile kikajaa moshi.

Angeweza kusema. Joachim, mhariri wa kile kiwanda, alikuwa mwanafunzi wake wa zamani na asingemdhihaki. Lakini kila alipopanda mlima kwenda mjini akijiambia kwamba leo atasema, alifika akapewa kiti, akaitwa Mwalimu, akapokea makala mpya na kurudi nayo nyumbani. Bila kazi ile angekuwa nani? Kipofu wa Ipogolo, basi.

Ndipo akamgeukia Juliana. Juliana alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la kisomo. Alisoma kwa kidole, silabi baada ya silabi, na alikuwa na shamba, kuku, na mgongo unaouma. Hata hivyo kila alasiri walikaa uani, yeye akisoma, mumewe akisikiliza. Palipohitaji kurekebishwa Marcelino alisema, "Piga mstari hapo, andika hivi," naye akaandika kwa mwandiko wake mkubwa. Sahihi aliitia Marcelino mwenyewe, mkewe amemwekea kidole mahali pake.

Makala ya jengo la Chicago ilikuja wakati wa masika. Ilieleza habari za jengo la Amerika lenye ghorofa mia moja, na juu ya paa lake minara miwili ya antena za redio na televisheni. Juliana aliteseka nayo.

"Te-le-vi-she-ni," alisoma. "Ndiyo nini?"

"Redio inayoonyesha picha."

"Watu wamo humo ndani?"

"Picha zao. Endelea."

"'Antena hizo hu-ru-sha matangazo.' Zinarusha kama mawe?"

Marcelino alicheka; zilikuwa zimepita siku nyingi hajacheka. Akamwambia akate "hurusha" aandike "husambaza", maana mkulima naye angewaza mawe. Walikwenda hivyo mpaka mwisho. Mawingu yalikuwa yamefunga, na Juliana alikuwa hajainjika hata maji ya ugali.

"Picha ipo?" Marcelino aliuliza.

Juliana aliiinamia karatasi. "Ipo."

"Imekaa sawa?"

"Imekaa sawa. Ni jengo refu sana."

Akatia sahihi.

Baada ya wiki chache Joachim alimwita ofisini. Safari hii hakumpa kiti. Alitandaza karatasi kubwa mezani, ikinuka wino mbichi.

"Mwalimu, hebu tazama picha hii."

Marcelino aliinama. Aliona kijivu tu. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia.

"Nzuri," alisema. "Imetoka vizuri."

Joachim aliweka kidole juu ya picha.

"Imepinduka, Mwalimu. Jengo limesimama kwa antena zake. Fundi aliliona akashangaa, lakini akakuta umetia sahihi, akasema Mwalimu hakosei. Tumekwisha kuchapa sehemu nzima."

Karatasi siku zile ilikuwa adimu. Kiwanda kilikuwa kimeisubiri karibu mwaka. Marcelino alilijua hilo. Alitaka kusema habari za taa, habari za mvua. Badala yake alimsikia Joachim akizunguka meza, kisha upepo mdogo ukampita usoni, akajua ni kiganja kinapungwa mbele ya macho yake.

"Tangu lini?" Joachim aliuliza.

Marcelino alitafuta mlango, akagonga kabati. Joachim akamshika mkono kumtoa nje, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu mafundi wote walikuwa wamesimamisha kazi. Hakuwaona, ila alisikia kwamba hakuna anayesogea.

Alipofika nyumbani alimshukia Juliana.

"Ulishindwaje kuona jengo liko kichwa chini? Hata mtoto angeona!"

"Mimi ghorofa mia nimeziona wapi?" alisema Juliana. "Nilikuta kitu kipana juu, chembamba chini, kina miguu miwili. Nikasema ni kama kihenge cha mahindi, wamekiinua panya wasipande. Nilitaka kukuuliza. Lakini ukiulizwa sana unagomba."

"Umenimaliza."

"Nimekumaliza mimi?" Aliinuka. "Nimekuwa macho yako mwaka mzima, na sikuomba."

Kesho yake alifunga nguo zake akapanda basi kwenda kwa dada yake, Ilula.

Marcelino alibaki peke yake. Aliungua mkono akitafuta sufuria, akaishia kukoroga unga kwa maji baridi na kuunywa. Joachim alikuja kubisha hodi; hakumfungulia. Siku moja, mvua ikinyesha, alitoka kwenda chooni akapotea katika ua wake mwenyewe. Alitambaa kwa magoti akipapasa ukuta asiupate. Mwisho akaketi kwenye tope akalia kwa sauti, mtu mzima yule. Bondeni mto ulikuwa umejaa, unavuma, naye akausikiliza kwa muda mrefu kuliko inavyofaa, kama anayeitwa.

Jirani ndiye aliyemkuta, akamrudisha ndani na kupeleka habari Ilula. Juliana alirudi kwa basi la kwanza. Alichemsha maji, akamwosha tope. Kijana wao Anania, aliyekuwa akifanya kazi Mbeya, alikuja kuwachukua wote wawili, akampeleka baba yake hospitali.

Daktari alimmulika kwa muda mrefu.

"Ni presha ya macho, mzee. Yaliyokwisha kufa hayarudi. Ungekuja mapema tungeokoa kidogo."

"Mapema lini?"

"Mwaka jana, tuseme."

Mwaka jana. Mwaka aliokuwa akisingizia taa.

Walikaa kwenye benchi nje, baridi ya Mbeya ikiwapenya, wakimsubiri Anania alete dawa.

"Niliogopa," Marcelino alisema.

"Najua."

"Wewe hukunimaliza, mama Anania."

Juliana alimvutia koti likamfunika kifua.

Hawakukaa tena Ipogolo. Walihamia Ilula, Juliana akawa anauza nyanya barabarani pamoja na dada yake. Joachim aliwafuata huko, akasema kiwanda kingeweza kumtafutia Mwalimu msomaji, asikilize makala na kutoa maoni yake. Marcelino alisema atafikiri. Joachim aliuliza tena, na tena akaambiwa hivyo hivyo, kisha akaacha kuja. Ensaiklopidia ilitoka, wengine waliimalizia.

Marcelino alipewa kazi ya kuchambua nyanya kwa vidole, ngumu upande huu, laini upande ule. Basi likisimama alisikia wauzaji wakilikimbilia, na sauti ya Juliana ikipaa juu ya zote akiwaita abiria madirishani. Siku nyingine aliifanya kazi hiyo vizuri. Siku nyingine alikaa tu, mikono mapajani, na Juliana akamwacha akae.