Shingo ya Jirani Yangu

Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyeosha maiti za wanawake wa Kiislamu mtaani kwetu, Migori. Tuko wachache, tukifiwa, kila mmoja anajua kazi yake. Mama aliyenifundisha alinionya: utakayoyaona kwenye mwili wa maiti, yazike naye.

Asubuhi ile niliitwa kumwosha jirani yangu, binti aliyetoka Rodi Kopany, upande wa Homa Bay, aliyesilimu alipoolewa. Mumewe alisema ameteleza bafuni. Nilipomvua nguo chini ya shuka, nikaiona shingo. Alama za vidole zilikuwa wazi. Mbavuni, michubuko mipya ilikuwa juu ya ile ya zamani. Mwenzangu aliyeshika jagi la maji akageukia ukuta, akalia.

Mimi sikulia. Nilikuwa nakumbuka. Ramadhani iliyopita alikuja jikoni kwangu, akanionyesha mkono uliovimba.

“Mama, naogopa kurudi nyumbani.”

Nikamwambia, “Vumilia, mwanangu. Ndoa ni subira. Tena tusijianike, watu watasema Waislamu ndivyo walivyo.”

Akashusha mkono wa buibui, akanisaidia kupika futari, akaenda zake.

Nikatoka nje, maji yakinidondoka mikononi, nikamweleza imamu nilichokiona.

“Siri ya maiti husitiriwa,” alisema polepole. “Wewe unajua.”

“Aibu ya maiti ndiyo husitiriwa, Sheikh. Hii ni aibu ya nani?”

Jeneza lilikuwa tayari uani. Shemeji mmoja wa marehemu akasema eti mimi nataka kuuchafua Uislamu. Imamu alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Kisha akasema hakuna kuzika mpaka polisi waje.

Mamake marehemu alifika saa sita, amevaa sare ya kina mama wa kanisani kwao. “Nyathina,” aliita, mtoto wangu. Aliposikia kwamba mimi ni jirani, alinishika mikono yote miwili.

“Aliwahi kukwambia kitu?”

Nikasema ndiyo. Akaniachia.

Mume alikamatwa. Kesi bado iko mahakamani, inaahirishwa na kuahirishwa. Imamu alilizungumza jambo hilo Ijumaa, bila kuzungukazunguka, na wanaume kadhaa wakaacha kuja kuswali kwetu. Nyumba nyingine haziniiti tena msibani. Lakini wiki iliyopita alikuja mke wa mtu, mdomo umepasuka, akaanza kwa kuniomba radhi kwa usumbufu. Sikumwambia habari za subira. Nilivaa viatu, tukaenda pamoja hospitali, halafu polisi. Sasa yuko kwa dadake, Homa Bay.

Yule binti walimzika kwao. Juzi nilikwenda Rodi kumwona mamake. Alinipa kiti, akaendelea kupukuchua mahindi. Nami nikachukua hindi, nikapukuchua. Hatimaye akasema, bila kuniangalia:

“Ungenipigia simu tu. Ningekuja kumchukua siku hiyo hiyo.”