Siku Kumi na Saba za Gavana Joachim

Pale mtaa wa Sanyuanli, jijini Guangzhou, kuna ofisi ya kusafirisha mizigo ambayo mwenyewe, Joachim Ilunga, huitwa Gavana hata na Wachina wenye maduka ya jirani. Si utani. Alikuwa gavana kweli, kwa siku kumi na saba.

Alikuwa amerudi Kongo kumzika shangazi yake. Bunge la mkoa lilikuwa limegawanyika nusu kwa nusu, likatafuta gavana asiye na adui. Joachim alikuwa ameishi Guangzhou miaka kumi na minne. Hakuwa na adui kwa kuwa hakuna aliyemkumbuka. Akapita bila kupingwa.

"Papa Gracia, na kontena la viatu je?" mkewe Albertine, aliyezoea kumwita kwa jina la mtoto wao, alimuuliza kwa simu kutoka Guangzhou.

"Lisubiri. Sasa nina mkoa."

Kikao chake cha kwanza, cha kuchagua rangi ya lango, kilichukua saa sita. Kesho yake akatia saini amri: vikao vyote vifanyike watu wamesimama, viti vipelekwe shule za msingi. Watoto waliozoea kukaa sakafuni wakaletewa viti vya ngozi vinavyozunguka. Kwa wiki nzima hakuna mwalimu aliyeweza kufundisha.

Wabunge walivumilia mpaka miguu ikavimba. Mheshimiwa Hugues akatoa hoja ya kumng'oa, na ikapita kwa dakika nne. Joachim mwenyewe alipiga makofi. Hakuwa amewahi kuona kikao kifupi namna ile.

Ila aliporudi Guangzhou alijifungia ndani siku tatu kwa aibu. Albertine ndiye aliyemtoa: "Vaa viatu, Mheshimiwa. Mizigo haijui kama umepinduliwa."

Mwaka jana Hugues alitua uwanja wa ndege wa Baiyun, amekuja kununua nguo za jumla. Watu walimpa namba ya mtu mmoja tu, "Gavana". Alipofunguliwa mlango, akabaki mdomo wazi.

"Karibu," Joachim akasema. "Twende sokoni."

Kule Liuhua, Joachim alinong'ona na muuzaji kwa Kichina. Mama yule akamtazama Hugues kwa huruma, akashusha bei.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba wewe ni mtu mkubwa kwetu."

Alikuwa amemwambia kwamba huyu binamu yake ametoka hospitali ya vichaa juzi, na nguo hizi ndizo tiba yake.

Waliporudi ofisini kuagana, Hugues akakohoa. "Mkoa hauna gavana tena. Ungekubali?"

Joachim akamgeukia mkewe, aliyekuwa akifunga boksi kwa utepe wa gundi.

"Usinitazame mimi," Albertine akasema. "Shika upande ule."

Akaushika.