Kanzu ya Mbuzi Watatu

Kila shule zinapokaribia kufunguliwa, duka langu hapa Dodoma hujaa wazazi wenye nyuso za msibani. Mzazi anaishika kaptula ya mwanawe kwa vidole viwili kama aliyeokota panya, ananiuliza bei, nikimtajia anaangalia dari. Juzi mmoja kutoka Mlali aliniuliza, "Mzee, hii ni kaptula au ni shamba?" Nikamwambia shamba halina mifuko miwili ya nyuma. Akacheka, akalipa, akatoka akininung'unikia hadi barabarani.

Namsamehe. Hajui anazungumza na nani. Mimi hapa, mwenye vyerehani vinne na duka la bati, mtu ambaye hata makarani hunisalimia wa kwanza, nimesoma shule kwa muda mfupi kuliko muda anaoutumia fundi wangu kujifunza kutia uzi kwenye sindano. Na kilichonitoa shuleni ni hiyo hiyo sare. Basi nikisikia mtu analia kwamba nguo ya shule ni ghali, huwa natamani nimkalishe chini nimweleze maana ya ghali.

Ilikuwa wakati wa Mdachi, huyo mnayemwita Mjerumani, reli imeshafika Dodoma na kila mtu akijifanya hashtuki tena treni ikipiga honi. Sisi tulikaa upande wa Makutupora, kwenye tembe la baba yangu, nusu siku kwa miguu kutoka bomani. Baba alikuwa Mgogo wa kweli, mtu wa mifugo, hana ugomvi na yeyote isipokuwa karatasi. Karatasi yenyewe ilikuwa cheti cha kodi. Alilipa kodi yake, akapewa cheti, akakichomeka kwenye paa la tembe. Askari alipokuja kukagua, baba akachomoa cheti na kukikabidhi kwa heshima zote. Askari akakitazama, akasema hiki ni cha zamani, hujalipa. Baba akapelekwa barabarani kubeba mawe mpaka mabega yakavimba. Aliporudi, mama akachomoa paani karatasi ya pili. Ndiyo ilikuwa yenyewe. Baba alikuwa ametoa ile ya mwaka uliopita, kwa sababu zote mbili zilikuwa nyeupe na zote mbili zilikuwa na michirizi.

Baada ya hapo baba hakutaka kitu kingine duniani ila mtu mmoja ndani ya nyumba yake anayejua michirizi.

Kwa hiyo jumbe alipopita akitaka watoto wa kupeleka shule ya serikali, na wenzetu wote wakawaficha wao porini na ng'ombe, baba yangu alinishika mkono akanitoa mwenyewe. Majirani walimcheka sana. Walisema amechoka kulisha mtoto, anampa Mdachi amlishe. Jumbe alishangaa mpaka akaomba maji ya kunywa. Nasema bila majivuno: katika kijiji chetu chote mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kupelekwa shule bila kufukuzwa kwanza kama kuku.

Nikakaa Dodoma kwa shangazi yangu. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa pwani, msafi, mwembamba, aliyetutazama watoto wa bara kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakukiagiza. Hata hivyo alifundisha, na mimi nilishika. Katika wiki za mwanzo nilizijua namba zote na herufi zaidi ya nusu, nimekaa chini na kipande changu cha kaniki kiunoni. Mwalimu mwenyewe alikiri. Alisema, "Wewe una kichwa, tatizo ni kinachofuata chini ya kichwa."

Alikuwa na maana ya nguo. Amri ilikuwa imetoka bomani kwamba Bwana Mkubwa, Mdachi wa boma mwenyewe, atakuja kukagua shule, na kila mwanafunzi asimame na kanzu nyeupe na kofia nyeupe. Asiye na kanzu arudi kwao, nafasi apewe mwingine. Hakuna aliyesema kanzu itatoka wapi. Nadhani Mdachi aliamini kanzu huota kwenye miiba huko kwetu.

Nilikwenda nyumbani na habari hiyo. Alfajiri baba aliwatoa zizini mbuzi watatu, wote wa kukamuliwa, tukaongozana nao mjini. Mmoja akabaki kwa mwenye duka, akageuka bafta, kile kitambaa cheupe cha kanzu. Wa pili akabaki kwa fundi, mtu wa Kondoa aliyeshonea barazani, akageuka mishono. Baba alidhani tumemaliza. Akamwita wa tatu waondoke.

Fundi akamuuliza, "Unakwenda wapi na kofia ya mtoto?"

"Kofia ipi?"

"Hiyo inayolia mee."

Watu wa barazani walicheka. Baba akasimama akimtazama yule mbuzi, kisha akanitazama mimi kichwani, kama anayepima kama kichwa hiki kina thamani hiyo. Akaiachia kamba. Fundi akamwambia, kwa utani wa siku zote kati ya watu wa Kondoa na Wagogo, kwamba sasa Wagogo watakuwa watu. Baba akajibu kwamba Wagogo walikuwa watu tangu mwanzo, walichokosa ni mbuzi wa kutosha.

Mdogo wangu wa kike alikuwa bado mchanga, wa kulishwa uji. Kuanzia siku ile uji wake ulikuwa wa maji, bila maziwa. Hilo sikulifikiria wakati ule. Nilikuwa nimevaa mbuzi watatu, na mtu aliyevaa mbuzi watatu hatazami chini.

Kosa langu ni kujionyesha. Zilikuwa zimebaki siku nne Bwana Mkubwa afike, nami nikaomba ruhusa niende kwetu nikawaonyeshe kanzu. Nilitembea katikati ya njia ili vumbi la pembeni lisinifikie. Nilipofika nikazunguka kila tembe. Wale waliomcheka baba wakanishikashika mikono. Mama peke yake hakufurahi. Aliivuta kanzu, akaikunjakunja kwa vidole, akainusa. Akasema maskini mtoto, wamempa nguo mbichi.

Msomaji wa leo, uliyezaliwa ndani ya bafta, huenda hujui. Kwetu ngozi haivaliwi ikiwa mbichi. Inakunwa, inapakwa mafuta, inasuguliwa mpaka ilainike, halafu inapata rangi. Na nguo ya dukani ilipoanza kufika, mama zetu waliifanyia hivyo hivyo: samli na udongo mwekundu, ikakaa mwilini, ikang'aa, haikupasuka upesi, na mtu akaonekana ana kwao. Nguo nyeupe ilikuwa nguo ambayo haina mtu wa kuihangaikia. Mama angewezaje kumwacha mwanawe asimame mbele ya wakubwa akiwa hivyo?

Asubuhi nikaenda na baba kunywesha ng'ombe. Niliporudi jua limepanda, nikamkuta mama ameketi na kanzu yangu mapajani, mikono myekundu hadi viwiko. Alikuwa ametumia samli yote iliyobaki ndani, ile ya mwisho ya wale mbuzi na kidogo ya ng'ombe. Hakuacha hata mshono mmoja. Kofia nayo ilikuwa imeiva kama nyanya. Alinitazama kwa furaha ambayo sijaiona tena usoni mwa mteja yeyote.

"Sasa ni nguo," akasema.

Ungefanya nini? Nikaivaa. Nikamwambia asante, mama. Nikarudi Dodoma nikiwa na nzi wengi kuliko ng'ombe.

Mwalimu alikuwa mlangoni. Aliniacha nikaribie, akanizunguka mara moja, akaweka kitambaa puani. Akauliza mbele ya darasa zima, "Wewe umevaa kanzu, au umechunwa?"

Nikasema, "Mama ameitengeneza, mwalimu."

"Ameitengeneza vizuri. Bado chumvi."

Darasa lilianguka kwa vicheko, na wengine wao, nawajua, mama zao wangefanya vile vile, ila kwao ni mbali. Mwalimu akaniambia keshokutwa Bwana Mkubwa anakuja. Nikiwa mweupe nitasimama mstarini, nikiwa mwekundu niende nikachunge mbuzi. Sikumwambia kwamba mbuzi hawapo tena.

Shangazi aliichemsha kwa majivu. Aliifua kwa mchanga. Ikatoka na rangi ya ini badala ya rangi ya damu, hayo ndiyo yaliyokuwa mafanikio yetu. Mimi nikawa nimekaa kando ya barabara ya boma nikifikiria baba na michirizi yake, na hapo ndipo akili iliyonijengea duka hili ilipofanya kazi yake ya kwanza. Mbele yangu wafungwa walikuwa wakipaka chokaa mawe ya kando ya barabara. Mdachi alipenda jambo hilo kuliko chakula. Jiwe lolote lililokaa kimya mahali pamoja lilipakwa chokaa. Nikajisemea, kama chokaa inaweza kulifanya jiwe liwe na adabu, haishindwi na kanzu.

Nilimwomba mfungwa mmoja mzee anipe chokaa kidogo kwenye kibuyu. Akauliza nataka kupaka nini. Nikamwambia nguo. Akanitazama juu hadi chini, mnyororo shingoni.

"Mimi nimefungwa kwa kuiba ng'ombe," akasema, "lakini mwanangu, bado nakuzidi akili."

Ila chokaa alinipa. Nikapaka mara ya kwanza, ikateleza kwenye samli. Nikakausha juani, nikapaka ya pili, ya tatu, na kofia pia. Ilipokauka, kanzu ilisimama yenyewe. Sitanii. Niliiweka chini, nikarudi nyuma hatua kadhaa, ikabaki imesimama ikinisubiri.

Siku ya ukaguzi tulipangwa mstari. Mimi nilikuwa mweupe kuliko wote. Wengine kanzu zao zilionekana kama maziwa yaliyolala. Bwana Mkubwa akapita na fimbo yake fupi, akafika kwangu, akasita. Akanigonga kifuani. Ikalia kama mlango. Vumbi jeupe likaruka, likatua kwenye buti zake.

Akauliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Hii nguo, au ukuta?"

"Ni kanzu nyeupe, Bwana Mkubwa."

Mwalimu alikuwa amefumba macho. Yule mzungu alinitazama, akatazama mawe yake ya kando ya barabara, akanitazama tena. Nadhani aliona ni jamaa zangu. Akaendelea na mtu aliyefuata. Ndivyo nilivyofaulu mtihani wangu wa kwanza na wa mwisho.

Tulipoambiwa tunyanyue mikono kupiga saluti, kwapani kukapasuka na wekundu wa mama ukachungulia, lakini mkubwa alikuwa ameshageuka. Mwalimu hakunichapa. Aliniambia tu nikae ndani.

Chokaa ina njaa, hilo sikufundishwa. Ilinila ngozi ya shingo, ikaila na bafta. Siku chache baadaye bega liliachia, kisha mgongo, nikabaki na mikono miwili na kola. Mwalimu akasema, safari hii bila kejeli, amri ni amri, njoo ukipata nyingine. Nyingine ilikuwa mbuzi watatu wengine. Nikakusanya vipande nikaenda kwetu.

Mama alivipokea akavitandika mapajani. Akauliza nani amefanya hivi. Nikasema nilinasa kwenye miiba. Akasema ajabu, nguo aliyoitengeneza yeye haipasuki kwa miiba. Nikasema ilikuwa miiba mikubwa. Mpaka leo hajapata jibu jingine, na anayetaka kumpelekea maneno haya ajue nitamnyima mkopo.

Baba alikaa jioni zile akitazama zizi, na majirani wakaanza tena kucheka, safari hii taratibu.

Kisha askari akaja na tarishi kukagua kodi. Baba akachomoa vyeti paani, vyote alivyokuwa navyo, akavishika bila kujua atoe kipi. Askari akanyakua kimoja akasema kile kile: cha zamani, njoo barabarani.

Nikavichukua mkononi mwa baba kabla sijaogopa. Nikatafuta namba. Zilikuwa pale, chini, zile zile za kwenye ubao wa mwalimu. Nikasema, "Hicho ulicho nacho ni cha mwaka jana. Cha mwaka huu ni hiki. Huu hapa mwaka, tazama."

Askari akatazama. Alikuwa amekishika juu chini. Tarishi, aliyejua kusoma kidogo, akakohoa akamgeuzia.

"Nani kakufundisha?" askari akauliza.

"Shule ya Bwana Mkubwa."

Wakaondoka. Walichukua kuku mmoja, kwa ajili ya uchovu, lakini baba walimwacha.

Jioni ile baba aliwaita wale wale waliomcheka, akaniambia nisome namba. Nikasoma. Akaniambia nisome tena. Nilisoma mpaka watu wakaomba radhi wakaenda zao kukamua. Tulipobaki wenyewe alichukua kipande cha kanzu, upande mmoja mweupe upande mmoja mwekundu, akafunga vyeti ndani yake akavirudisha paani. Akasema hapo vitakaa, mvua haiwezi kupenya samli ya mama yako.

Basi mzazi akiniuliza kama nitapunguza bei, namjibu hapana, maana yeye bado ana mbuzi nyumbani. Lakini akija mama wa vijijini, akaishika kanzu au kaptula nyeupe akaikunjakunja kwa vidole na kuinusa, huwa natoka mwenyewe nyuma ya meza. Namwamkia shikamoo hata kama ni mdogo kwangu, na ninamwambia taratibu wengine wasisikie, "Mama, hii imeshaiva. Usiiongeze kitu."