Vikapu vya Warundi

Jamani, mtu niliyeenda kumfukuza asubuhi sasa yuko jikoni kwangu, anamenya ndizi.

Jana nyapara wa shamba la chai hapa Nyansiongo alitushushia malipo. Eti tukikataa, Warundi wako tayari.

Tukakataa.

Leo tumewakuta kweli, wako kwenye mistari yetu wanachuma! Hasira niliyokuwa nayo, wacha tu.

Tukapanga vikapu vyetu njiani, midomo chini. Kwetu hiyo ni kusema leo hakuna kazi.

Mama mmoja wao akaniuliza, "Dada, mbona mmevipindua?"

Nikamweleza, kwa ukali.

Akasema, "Sisi tuliambiwa mmeacha kazi wenyewe."

Halafu akamwaga majani yake chini. Yote! Mtu ambaye hana shamba wala jamaa huku!

Akapindua kikapu, akakiweka kando ya changu. Wenzake wakafanya vivyo hivyo, mmoja mmoja.

Nyapara akabaki na mzani mtupu.

Warundi hao walikuwa wanalala stoo ya shamba. Sasa imefungwa kufuli.

Mimi nimemchukua yule mama, jirani yangu wawili. Wamebaki watatu.

Nani ana kitanda?